Naomba ushauri: nisubiri serikali au nibaki hotelini?
Assalaam alaykum wenzangu, mie nipo mwaka wa 3 SUZA (chuo kikuu cha taifa Zanzibar) kule Chwaka, nasoma uhasibu. Hoteli moja Nungwi nlofanya fildi wanataka nibaki kwenye akaunti, mshahara mzuri na chakula juu yao, ila mkataba miezi 6 na masika wageni wakipungua watu hupumzishwa. Mama yupo Chake, Pemba, ashanambia nisubiri serikali, ajira ya kudumu, na namuelewa sana maana katulea kwa karafuu, anajua msimu ukikataa inakuwaje. Lakini si hata hoteli wakikuchangia ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar) unapata kiinua mgongo? Lengo langu CPA (cheti cha mhasibu mtaalamu), nataka pahala ntajifunza kazi kweli. Mlopita njia hii, nikianza hotelini huku naomba serikalini kuna ubaya? Na mama nimwambieje asivunjike moyo?