Olduvai: tufu halisi (mwamba wa majivu ya volkeno) nitaijuaje, na sampuli ya kupima umri iwe kilo ngapi?

Kokoto_Jekundu: Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao naingia bonde la Olduvai kwa mradi wa uzamili. Napima sehemu mbili za wima, kuanzia bazalti (mwamba wa lava) iliyo ndani ya Bedi ya I, yaani fungu la chini kabisa la matabaka ya bonde, hadi katikati ya Bedi ya II iliyo juu yake, kisha nachukua tufu za kupima umri kwa agoni, gesi inayojikusanya ndani ya fuwele kadiri potasiamu inavyooza. Kibali kipo. Kinachonisumbua ni kutofautisha tufu na mashapo yenye majivu yaliyosombwa na maji. Tena sampuli ya majaribio ilileta chembe chache zenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka! Kosa liko wapi?

Mzee wa Tabaka: Mkuu, maabara haina kosa hapo. Chembe hizo ni felspa (madini yenye potasiamu tunayopima) za nisi, ule mwamba wa kale ulio chini ya bonde, zimesombwa na kuchanganyika na majivu. Ndiyo maana hatupimi mwamba mzima, tunapima chembe moja moja kwa leza, halafu za kigeni zinajitenga zenyewe kwenye grafu. Wabaya zaidi ni wageni wa karibu: fuwele za milipuko ya zamani kidogo ya Ngorongoro. Zinazidi umri halisi kidogo tu, kwa hiyo ni rahisi kuzimeza bila kujua.

Ukiwa porini, fuata tabaka mita 20 au 30 pembeni. Majivu yaliyoanguka kutoka angani hufunika ardhi kwa unene unaokaribiana, na fuwele zake zina kingo kali. Ukiona matabaka ya mshazari, kwatzi za mviringo au vipande vya nisi, hayo yamesombwa. Lenzi ya mara 10 inatosha kuanzia.

Lenzi_Mkononi: Naongezea. Tafuta vipande vya pumisi (jiwe jepesi la volkeno lenye matundu) ndani ya tufu, uvitoe kimoja kimoja, maana fuwele iliyofungwa ndani ya pumisi ni ya mlipuko huohuo. Ukipata pumisi za kutosha, kilo 2 zinatosha. Tufu ya majivu matupu chukua kilo 5.

Na usichukulie katikati ya bonde, palipokuwa na ziwa la kale. Maji yake yalikuwa ya chumvi na magadi, yakageuza kioo cha volkeno kuwa madini mengine: zeolaiti na felspa mpya ya potasiamu. Felspa hiyo ilizaliwa baada ya mlipuko, haikupi umri wa mlipuko. Upande wa mashariki, kuelekea milima ya volkeno, ni afadhali. Wakati wa kuponda vaa barakoa inayozuia vumbi laini, kwa sababu nyuzi za erionaiti, mojawapo ya zeolaiti, husababisha saratani ya utando wa mapafu.

Mzee wa Tabaka: Kilo 5 nyingi, gari litalia. Mimi nasema 3, kama fuwele zinaonekana kwa macho.

Lenzi_Mkononi: Gari lilie tu, kurudi Olduvai ni ghali kuliko dizeli 😂

Kokoto_Jekundu: Nawashukuru sana. Mpaka wa Bedi ya I na ya II nauweka wapi?

Mzee wa Tabaka: Juu ya Tufu IF, tufu ya juu kabisa ya Bedi ya I, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Angalizo: bonde limekatwa na mipasuko, tufu ileile inaweza kuonekana juu upande huu na chini upande wa pili. Usijumlishe unene kwa kuvuka mpasuko. Kwenye mteremko uliofunikwa na kifusi chimba ngazi hadi ufike mwamba usiosogea, la sivyo utapima kifusi.

Ukilinganisha na machapisho ya zamani, angalia kipimo rejea, yaani madini ya umri unaojulikana ambayo maabara hulinganishia sampuli. Kinachotumika sana ni cha tufu ya Fish Canyon ya Marekani: zamani ilihesabiwa miaka milioni 27.84, siku hizi wengi hutumia 28.201. Tofauti ni kama asilimia 1.3, hivyo milioni 1.80 ya zamani inasomeka karibu 1.82 leo bila jiwe kubadilika.

Kokoto_Jekundu: Kusafisha fuwele je? Nimeambiwa tindikali ya haidrofluoriki.

Lenzi_Mkononi: Asilimia 5 hadi 7, dakika chache ndani ya kifaa cha mtetemo, kisha suuza kwa maji yaliyochujwa. Tumia chombo cha plastiki, kioo kitaliwa. Bila msimamizi na jeli ya kalisiamu glukoneti (dawa ya kupaka tindikali hiyo ikikugusa) pembeni, usifungue chupa.