Upenu wa hema kwa safari ya Mtae

Zuhura: Shikamooni wazee wangu. Mimi na Saidi tunatarajia kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, kule milima ya Usambara, mwezi wa Desemba, na tutalala kwenye lile hema jepesi la watu wawili. Shida yake ni mlango. Umelala mshazari, kwa hiyo ukiufungua wakati wa mvua maji huangukia moja kwa moja kwenye matandiko, na sehemu ya mbele inatosha viatu na begi moja tu. Tunataka kuongeza upenu bila kununua hema jingine na bila kujitwisha mzigo.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, wanangu. Lileteni hapa kwenye cherehani, nishone kipande cha turubai juu ya mlango. Mkifika kambini mtakuwa mnakikunjua tu.

Baba Mdogo Rajabu: Marahaba. Dada, niwie radhi, lakini hema hilo lisiguswe na sindano. Mahema mepesi ya aina hiyo hushonwa kwa nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, na kila tundu la sindano linakuwa njia ya maji. Tena upepo ukilivuta turubai lililoshonewa juu yake, nguvu yote inaishia kwenye mshono na kwenye zile fito nyembamba, ambazo hazikutengenezwa kubeba tanga. Upenu usimame wenyewe, na uwe na nguzo zake, kamba zake na vigingi vyake, ili ukiangushwa na upepo usiku, hema libaki limesimama na watoto wabaki wakavu.

Saidi: Shikamoo Baba Mdogo. Nguzo tutazitoa wapi, nasi tunapunguza mzigo?

Baba Mdogo Rajabu: Marahaba. Si mnabeba fimbo za kutembelea? Hizo ndizo nguzo, kwa sababu jioni hazina kazi nyingine. Tafuteni kitambaa chepesi kisichopitisha maji, chenye upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili. Kikiwa cha nailoni ya hema hakifiki hata gramu 300, ilhali turubai la buluu la dukani linaweza kuzidi nusu kilo na halikunjiki vizuri. Ukingo wa nyuma upite juu ya paa la hema na uvuke mstari wa mlango kwa sentimita 30 hivi, kisha ufungwe kwa kamba mbili zinazoshuka nyuma ya hema hadi kwenye vigingi vyake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaukomesha upenu mlangoni kabisa, na maji yanapita katikati na kuwadondokea kichwani wanapotoka. Ukingo wa mbele ushikwe na fimbo mbili, kila moja na kamba mbili zilizotanuka, na fimbo moja iwe fupi kuliko nyingine ili maji yateremkie kona moja, yasitengeneze dimbwi katikati. Kona hiyo ya chini ielekee upande unakotoka upepo. Pale ukingoni Mtae, mlima unapokatika ghafla na tambarare za Mkomazi zikaonekana chini, hakuna cha kuuzuia upepo, kwa hiyo ukivuma kwa nguvu teremsheni fimbo zote mbili, hata kama mtalazimika kuinama mkitoka.

Saidi: Kitambaa nilichokiona hakina matundu ya pembeni ya kupitishia kamba.

Baba Mdogo Rajabu: Matundu si lazima. Chukua kokoto laini ya ukubwa wa ndimu, iweke ndani ya kona, ikunjie kitambaa, kisha funga shingo yake kwa kitanzi cha kamba. Kadiri upepo unavyovuta ndivyo kitanzi kinavyokaza, na kitambaa hakichaniki. Kwenye kigingi tumia fundo linaloteleza: kamba ikishazunguka kigingi, sokota ncha yake kwenye kamba iliyonyooka, mara mbili ndani ya kitanzi, kisha mara moja nje yake. Fundo hilo ni la lazima, kwa kuwa nailoni ikilowa hurefuka, nanyi mtahitaji kukaza kamba kabla ya kulala bila kufungua chochote.

Shangazi Mwanaidi: Basi cherehani yangu haina kazi?

Baba Mdogo Rajabu: Ina kazi kubwa, Dada. Pinda kingo za upenu wenyewe, uongeze kiraka kila kona na utepe wa kitanzi katikati ya kingo ndefu, kisha mishono ipakwe silikoni ya kuzibia vioo na iachwe ikauke usiku kucha. Kokoto wataitumia kona ikichanika.

Shangazi Mwanaidi: Hiyo nitaifanya kwa moyo wote. Ila jambo moja linaninyima raha: hawa wakishapata kivuli watawasha jiko hapo hapo.

Baba Mdogo Rajabu: Umesema jambo la msingi. Ndani ya hema jiko lisiwashwe kabisa, hata kama ni la gesi na hata kama mlango uko wazi, kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Chini ya upenu, chemsheni chai pale tu unapokuwa umeinuliwa juu na pande tatu ziko wazi, jiko likae ukingoni kabisa mbali na mlango, na mmoja wenu asiondoke hapo. Nailoni huyeyuka haraka. Mvua ikiwa ya upepo, kuleni mkate na ndizi.

Zuhura: Tumekuelewa, Baba Mdogo. Je, mlango tuufunge usiku, au upenu unatosha?

Baba Mdogo Rajabu: Uacheni wazi nusu upande wa juu. Pumzi zenu zitatoka, na asubuhi hamtakuta matone yamejaa upande wa ndani wa paa. Hiyo kwangu ndiyo faida kuu ya upenu, kuliko hata mahali pa kukaa.

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, pima upana wa mlango na kimo cha hema leo jioni, unitumie. Kitambaa nitakikata kesho, na Jumamosi mje mkisimamishe hapa uani, tukimwagie maji ya ndoo tuone yanateremkia wapi.