Intaneti ya nyumbani bila simu ya mezani hapa Uingereza: inapunguza gharama kweli?

Mpangaji wa Leicester
Habari zenu, ndugu. Mkataba wangu unakaribia kwisha na nimepewa ofa mbili za miezi 24: intaneti pekee kwa pauni 30 kwa mwezi, pamoja na pauni 35 za kufungiwa, au intaneti na simu ya mezani kwa pauni 33 bila ada ya kufungiwa. Sisi hupiga simu za mkononi tu, na wazee walioko Tanga tunazungumza nao kwa WhatsApp. Je, kuna sababu ya kulipia simu isiyotumika?

Fundi wa Nyaya
Usitazame bei ya mwezi peke yake, ndugu. Piga hesabu ya mkataba mzima. Intaneti pekee itakugharimu pauni 755 na kifurushi cha pamoja pauni 792, kwa hiyo utaokoa pauni 37 katika miaka miwili. Tofauti ni ndogo kwa sababu gharama kubwa iko kwenye waya unaoingia nyumbani, si kwenye mazungumzo. Enzi za ADSL, yaani intaneti ya zamani ya waya wa shaba, intaneti ilipita kwenye laini ya simu, hivyo ada ya laini haikukwepeka hata kwa asiyekuwa na simu, na kampuni ziliitenga ada hiyo katika matangazo yao mpaka ASA, inayosimamia matangazo, ilipozitaka kuanzia mwisho wa Oktoba 2016 zionyeshe bei moja yenye kila kitu. Tangu Septemba 2023 Openreach, kampuni yenye nyaya nyingi za simu nchini, haiuzi tena laini mpya za mfumo wa zamani wa simu, na mfumo wenyewe umepangwa kuzimwa mwisho wa Januari 2027. Simu ya mezani unayouziwa leo huchomekwa kwenye ruta na kupita katika intaneti hiyohiyo.

Mama wa Coventry
Hesabu hiyo inamfaa kijana, kaka, lakini wapo wanaoishi na wazazi. Mama yangu huvaa shingoni kitufe cha dharura cha kubonyeza akianguka, na kifaa chake kimeungwa kwenye laini ya simu. Mwenye kifaa cha namna hiyo aulize kwanza kama kitafanya kazi kwenye mfumo mpya, kabla ya kutia saini popote. Pia umeme ukikatika ruta huzimika, na simu huzimika nayo. Ofcom, inayosimamia mawasiliano, inazitaka kampuni zimpatie mteja anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga 999, namba ya dharura, kwa angalau saa moja umeme unapokatika, basi idai haki hiyo mapema.

Mkazi wa Slough
Naongeza mawili. Ukiitaka namba yako ya zamani, iombe kampuni mpya iihamishe, wala usiufute mwenyewe mkataba wa sasa, kwani laini ikishafungwa unaweza kuipoteza namba. La pili, tangu tarehe 17 Januari 2025 mikataba mipya inapaswa kutaja nyongeza ya bei kwa pauni na peni. Ikiwa ofa ya intaneti pekee itapanda kwa pauni 3 kuanzia mwezi wa 13 na ile nyingine haipandi, utalipa pauni 36 zaidi, na faida yako itabaki pauni moja.

Mpangaji wa Leicester
Ahsanteni sana. Nimesoma mikataba yote miwili: nyongeza ni ileile na inaanza mwezi uleule. Hatuna mzee wala kifaa cha dharura nyumbani, na namba hatuihitaji, hivyo nachukua intaneti pekee. Kwanza nitawaomba waniondolee zile pauni 35.