Mdogo wangu anakwenda kusoma Aberystwyth, Wales. Miongozo ya Wamarekani inamfaa?

BintiMkele:
Assalaam aleykum wana jukwaa. Mdogo wangu kapata nafasi Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, na anaondoka mwezi wa tisa inshallah. Miongozo mingi tunayoikuta mtandaoni imeandikiwa wanafunzi wa Kimarekani: nunua adapta, usichukue kikaushia nywele, tazama kulia kabla ya kuvuka. Kipi hapo kinamhusu mtoto wa Unguja? Na kipi hakikuandikwa kwa sababu Mmarekani hana haja nacho? Mwaka wa kwanza atakaa dakhalia ya chuo, halafu atatafuta nyumba.

Chukwani_77:
Waaleykum salaam dada. Adapta msinunue. Plagi zao ni zile zile za miguu mitatu bapa tunazotumia sisi, umeme volti 230. Mmarekani katoka kwenye volti 120, ndiyo maana kikaushia chake kinaungua. Gari zinakwenda kushoto kama Darajani, na tarehe wanaanza na siku. Nusu ya huo mwongozo mshaifuta.

Wasiloliandika ni la chooni. Hakuna mfereji wala mpira, karatasi tu, kwa hiyo atie kopo begini. Lakini asimwage maji chini! Sakafu ya choo cha kule aghalabu haina tundu la kutolea maji. Yanapenya pembeni mwa sakafu, yanatokea kwenye dari ya jirani wa chini, na gharama ya matengenezo inamrudia yeye. Akitawadha, miguu aioshe ndani ya bafu, asiipandishe kwenye sinki.

Chetezo kibaki nyumbani. Moshi wa udi chumbani unaliza kengele, na jengo zima linatoka nje hata kama ni saa 8 usiku. Jikoni kuna siri moja: mara nyingi kengele ya jikoni inasikia joto, ya koridoni inasikia moshi. Kwa hiyo akipika chapati afunge mlango wa jikoni na afungue dirisha. Wengi wanafanya kinyume, wanafungua mlango ili moshi utoke, na ndio unaokwenda kuliza kengele.

MsafiriWaMkoani:
Naongeza la treni, maana hapo watu wanapotea. Treni ya Aberystwyth anaipandia Birmingham, safari ya saa 3 hivi. Ikifika Machynlleth inakatwa vipande viwili: kimoja kinakwenda Aberystwyth, cha pili kinapanda pwani kuelekea Pwllheli. Tatizo ni kwamba kabla ya hapo, kwenye kituo cha Shrewsbury, treni inageuza mwelekeo, kwa hiyo behewa lililokuwa mbele Birmingham linakuwa nyuma. Asikariri "nakaa mbele". Asome kibao kilicho ndani ya behewa, au amuulize kondakta baada ya Shrewsbury, kabla hajalala.

Akifika anunue kadi ya reli ya vijana wa miaka 16 hadi 25. Inapunguza theluthi moja ya nauli.

Maalim_Wete:
Kuhusu lugha msimtishe. Aberystwyth Kiwelshi kinasemwa madukani na kwenye mabasi, si mapambo ya vibao. Kiingereza kitamtosha kwa kila kitu, lakini kusoma Kiwelshi kwetu sisi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Dd yao ni dh ya dhahabu. Th ni ya thamani. Ch ni kh ya kheri, na hapo ndipo Mmarekani anapokwama, aliyepita chuo cha Kurani kwa maalim wake hana tabu. F moja wanaisoma v, na w ikikaa baina ya konsonanti ni u. Basi "diolch", yaani ahsante, ni "diolkh". Caerdydd, jina lao la Cardiff, ni kama "Kairdidh". Ngumu ni ll tu: ulimi ukae pa kusemea l, kisha upulize hewa pembeni bila kutoa sauti.

Maneno yao yanabadilika kichwa, kama ulimi na ndimi kwetu. Caerdydd ni mji, "i Gaerdydd" ni kwenda Cardiff, "yng Nghaerdydd" ni ndani ya Cardiff. Asidhani ni miji mitatu.

Na choo cha hadharani: M mlangoni ni merched, wanawake. Wanaume ni dynion, D. Anayeisoma M kwa Kiingereza ataingia pasipo pake.

Mfenesini_Mtu:
Makaratasi. Ile kadi ya plastiki ya ukaazi imeondoshwa, siku hizi kibali kiko mtandaoni. Mwajiri akitaka ushahidi, anatoa namba ya kushirikisha (share code) kutoka kwenye akaunti yake ya uhamiaji, nayo inadumu siku 90. Kuingia kwenye akaunti hiyo kunataka simu au barua pepe aliyoandikisha. Laini yake ya simu ya huku asiiache ikafa, na huduma ya kutumia nje aifungue akiwa bado hapa. Namba za siri za benki ya nyumbani zinakuja kwa ujumbe, na laini ikipotea, kuirudisha kunataka alama za vidole.

Wiki ya kwanza ajiandikishe kwa daktari wa mtaa, asingoje augue. Ada ya afya kaishailipa na viza, pauni 776 kwa mwaka. Wales dawa za cheti ni bure tangu 2007. England wanatoza, kwa hiyo mshauri aliyeko London atamwambia aweke pesa ya dawa. Asimsikilize.

Chukwani_77:
Hilo la London lishikwe hata kwenye nyumba. Wales wana sheria yao ya upangaji tangu 1 Desemba 2022. Mwenye nyumba lazima awe kwenye daftari la Rent Smart Wales, ofisi inayosajili wenye nyumba wa Wales, na jina lake linatafutika mtandaoni bure. Mkataba wa maandishi ampe ndani ya siku 14 tangu aingie, na dhamana aiweke kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30. Dalali haruhusiwi kudai "ada ya kushughulikia". Kabla ya mkataba anaweza kuchukua pesa ya kushikia nyumba tu, isiyozidi kodi ya wiki moja. Akidai zaidi, aondoke.

BintiMkele:
Mungu awabariki. Na sala? Na chakula?

Maalim_Wete:
Kibla kwanza, maana huku tumezoea kuelekea kaskazini. Kule ni kusini mashariki.

Saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jumamosi magharibi inaingia kwenye saa 12 jioni, kesho yake kabla ya saa 11. Tofauti na Zanzibar inatoka saa 2 inakuwa saa 3, mama asishangae simu ikichelewa. Disemba adhuhuri inaingia kama saa 6 na robo, magharibi saa 10 na dakika chache. Sala tatu zinabanana ndani ya saa nne, na vipindi viko hapo hapo. Ratiba ya masomo ikitoka aitazame na kalenda ya Disemba, si ya Septemba.

MsafiriWaMkoani:
Chakula: mji ni mdogo. Kabla hajaondoka awaandikie jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa chuo, wamwambie nyama ya halali wanaipata wapi. Anayekwenda Birmingham au Cardiff hununua ya wiki kadhaa, ila apime kwanza: kwenye friza ya pamoja mtu anapata droo moja. Nyama na maziwa ya aina yoyote asibebe kutoka huku, forodha wanavitupa.

Unga wa chapati achukue pakiti iliyoandikwa plain. Ile ya self-raising ishatiwa baking powder, chapati inavimba kama andazi na haichambuki.