Tupeane uzoefu: nani ameshaipeleka familia Zion na Grand Canyon likizo ya machipuko?

BabaNeema
Wakuu, salaam. Watoto wanafunga shule wiki ya mwisho ya Machi na mwaka huu nimeapa hatukai ndani kutazamana. Mpango wangu ni huu: tunatua Las Vegas, tunakodi gari la siti saba, tunakwenda hifadhi za Zion na Bryce kule Utah, mji wa Page kule Arizona, halafu korongo la Grand Canyon upande wa kusini, kisha tunarudi Las Vegas. Siku tano. Tuko sita: mimi, mama watoto, Neema wa darasa la nne, mdogo wake wa miaka saba, kitinda mimba wa miaka mitatu, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 68 na magoti ya kubembeleza. Ramani ya simu inasema kuendesha ni kama saa 14 zote kwa pamoja, nikaona mbona kazi ndogo.

Ushauri wa kwenye video nimeshautazama hadi macho yameuma. Waliokwenda, nisimulieni yaliyowakuta.

MamaPacha
Baba Neema, beba makoti. Sisi tulikwenda mwanzoni mwa Aprili. Zion mchana watoto walikuwa na kaptura, nawapaka mafuta ya jua. Tumeingia Bryce baada ya saa mbili barabarani, theluji inafika magotini mwao, na kwenye buti la gari nina makoti mawili kwa watu wanne. Pacha wangu walivaa soksi mikononi siku nzima, soksi za baba yao, zimefika hadi kwenye viwiko. Picha zote ziko hivyo.

Sababu nimekuja kuielewa baadaye. Bonde la Zion liko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa Bryce unaanzia kama 2,400 na unapanda hadi 2,700. Kule usiangalie kalenda, angalia kimo.

Ila usiifute Bryce kwa sababu ya baridi, tafadhali. Ile minara ya mawe mekundu, kila mmoja na kofia yake ya theluji, imesimama kwa maelfu. Mmoja wa pacha alitazama chini akauliza, "Mama, wanasubiri nini?" Askari wa hifadhi akatueleza kwamba maji yanaingia kwenye nyufa, yanaganda usiku, yanatanuka na kupasua jiwe, mchana yanayeyuka, usiku tena. Hiyo ndiyo inayochonga. Kwa hiyo baridi iliyotutesa ndiyo fundi mwenyewe.

Chausiku
Mimi nimekuja kwa habari ya pesa. Mama ana kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu Marekani, au ni mgeni? Maana tangu Januari 2026 asiye mkazi mwenye miaka 16 kwenda juu anatozwa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11, na Zion, Bryce na Grand Canyon zote zimo.

BabaNeema
Anayo kadi ya kijani, mwaka wa nne sasa.

Chausiku
Basi umeula. Mkazi wa kudumu au raia aliyefika miaka 62 ananunua kadi ya wazee, dola 20 kwa mwaka au 80 ya maisha, na inaingiza gari zima alilopanda. Bila hiyo ungelipa dola 35 kwa gari kila hifadhi. Tena huyo Neema wa darasa la nne ana haki ya kadi ya bure ya mwaka kwa familia. Anajibu maswali kidogo kwenye tovuti ya Every Kid Outdoors, unachapisha karatasi yake, unaibadilisha getini. Amueni wenyewe atakayewapeleka ni bibi au mjukuu.

Dereva_wa_Usiku
Mkuu, mimi nakupa kisa cha saa. Sisi Waswahili tayari tunatembea na saa mbili kichwani, ya kwetu na ya wenyeji. Arizona wanakuongezea ya tatu.

Arizona haisogezi saa mbele wakati wa machipuko. Utah inasogeza. Ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, ambayo sehemu yake kubwa imo humo humo Arizona, nayo inasogeza. Hilo nilikuwa silijui. Tumetoka Grand Canyon asubuhi kwenda Page, tumelipia ziara ya Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe, na kule huingii bila kiongozi wa Kinavajo na muda wako umeandikwa. Tunafika Cameron, ndani ya ardhi ya Wanavajo, natupia jicho simu, saa imeruka mbele saa nzima. Mke wangu akasema tumechelewa. Sikumjibu, nilikanyaga mafuta. Baada ya maili chache taa za polisi zikawa nyuma yangu.

Tumefika Page na karatasi ya faini kwenye dashibodi, tunakimbia na watoto mikononi hadi mapokezi. Dada wa pale akatutazama, akatazama orodha yake: "Nyinyi bado saa nzima." Page na zile ziara zinafuata saa ya Arizona. Simu ilikuwa imedaka mnara wa Wanavajo tu. Tukakaa kwenye gari tunakula chapati zilizopoa, hakuna anayezungumza.

Kwa njia yako wewe, ukitoka Utah kuingia Page unapata saa moja ya bure. Andika miadi yote kwenye karatasi, na pembeni uandike ni saa ya wapi. Na kwa magoti ya mama, Antelope ya juu ni tambarare. Ya chini ina ngazi za chuma, zimesimama kweli kweli.

Kijana_wa_Mto
Zion fupi: kuanzia Machi magari binafsi hayaruhusiwi barabara ya ndani ya korongo, ni mabasi ya bure. Sisi tulifika saa nne asubuhi, maegesho yamejaa, tukarudishwa mji wa Springdale kutafuta pa kulipia. Fika saa moja.

Nilikuwa nimekodi viatu vya maji na fimbo za kuingia The Narrows, pale unapotembea ndani ya mto wenyewe. Imefungwa. Theluji ya milimani inayeyuka machipuko, mto ukizidi kipimo chao wanafunga, na wiki nyingine inabaki hivyo hivyo. Tulitembea Riverside Walk tu, maili moja ya lami kando ya mto, na kwa familia yenye mtoto wa miaka mitatu nadhani hata ingekuwa wazi hapo ndipo pangekuwa penu.

Mzee_Kifimbo
Nimecheka hapo kwa viatu vya kukodi. Mimi niliwahi kusimama ukingo wa kusini, nikaona ukingo wa kaskazini pale ng'ambo, maili kumi tu, nikawaambia wanangu kesho tunakwenda upande ule. Kwa barabara ni zaidi ya maili 200 kuzunguka. Tena ulikuwa mwezi wa nne, na kule kwa kawaida hawafungui hadi katikati ya Mei. Wananiita Mzee Maili Kumi hadi leo.

BintiKombo
Kaka, shikamoo zangu kwa mama. Mimi nilimpeleka wangu akiwa na miaka 71. Ukingo wa kusini unamfaa mtu wa magoti kuliko unavyodhani. Kuanzia Mather Point, pale pa kutazamia korongo, njia ni ya lami, mabenchi yapo, na mabasi ya bure yanakwenda Hermit Road, ambayo machipuko inafungwa kwa magari binafsi. Mtu asiyeweza kupanda basi mnaomba kibali maalumu, hakilipiwi, mnapita na gari lenu.

Kilichotusumbua ni kimo. Ukingo uko mita 2,100 na mama alishika kichwa jioni ya kwanza. Tulimpumzisha, akanywa maji mengi, asubuhi akawa mzima. Usimpangie kitu siku ya kufika.

Alipofika kwenye uzio hakusema neno kwa muda mrefu. Nikadhani anaumwa tena. Kisha akasema, "Hapa Mungu alipasua akasahau kuziba."

Nahodha_Mstaafu
Nami niungame. Nilishuka Bright Angel, njia ya miguu ya kuingia korongoni, na kijana wangu wa miaka tisa, mwishoni mwa Machi. Juu pale njia iko kivulini, barafu imeganda kama kioo, watu wamevalisha viatu vyuma vya meno na sisi tuna raba za kawaida. Tukashuka tumeshikilia ukuta. Chini kidogo barafu ikaisha, jua tamu, tukanogewa hadi kibanda cha maili moja na nusu.

Kushuka dakika 50. Kupanda saa mbili na nusu. Korongo ni mlima uliogeuzwa: sehemu ngumu inakuja ukiwa umeshachoka. Robo ya mwisho kijana alikaa chini akaniambia kwa utulivu kabisa, "Baba, wewe nenda tu." Ukapita msafara wa nyumbu, tukajibana upande wa mlima, mmoja akasimama karibu yetu akampumulia usoni. Alicheka. Hicho ndicho kilichomwinua, si maneno yangu.

Ukishuka na Neema, tazameni saa. Dakika 20 chini, geukeni, hata kama anakuambia bado ana nguvu. Vyuma vya viatu vinauzwa duka la kijijini pale ukingoni.

BabaNeema
Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mama watoto. Page tumeiondoa, mtanisamehe. Zion usiku mbili, Bryce mchana mmoja tu na makoti, kisha Grand Canyon usiku mbili, na siku imeongezeka moja. Wa miaka saba ameshasikia habari ya beji za askari wadogo wa hifadhi, anataka zote tatu.

Mama nilimwonyesha picha. Kauliza swali moja: huko chini kuna watu wanaishi?

Nahodha_Mstaafu
Mwambie wapo. Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili, kijiji chao kinaitwa Supai, ndani ya korongo upande wa magharibi. Barabara haifiki. Hadi leo barua zao zinashushwa na nyumbu.

BabaNeema
Nimemwambia. Anauliza hao nyumbu wanabeba na abiria?