Kaja kuniuzia kopo langu mwenyewe!

Jamani, jina msiniulize. Mnamjua. Yule wa maduka ya jumla ya Kikuubo, mwenye tumbo linalotangulia kufika mkutanoni.

Odii yangu, siagi ya karanga, mnaifahamu: kopo la pembe sita, kifuniko chekundu, shingoni utepe wa lubugo (kitambaa cha gome la mti) wenye fundo. Leo kijana wake kaingia dukani na katoni. DUKANI KWANGU. Akatoa kopo la pembe sita, kifuniko chekundu, lubugo, fundo. Halafu: "Mama, chukua hii, ndiyo orijino. Mtaani feki zimezidi."

Feki! Naambiwa mimi, nimeegemea kaunta yangu! Hata kosa la mchapaji wangu wa Nasser Road, "KARAGA SAFI", kalinakili lilivyo. Chini kaongeza: "Jihadhari na waigaji." Nusura nimeze kifuniko.

Orijino, eti. Kwangu!

Bosi_Ntinda: Umbo la kopo ulilisajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali?

Mama_Odii: Nisajili kopo? Kampala nzima inajua ni langu!

Wakili_Mtoro: Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014 hulinda maumbo yaliyosajiliwa. Kwako limebaki dai la kuuza bidhaa kwa sura ya mwenzio. Thibitisha wateja wanalitambua kopo kuwa lako, wanachanganywa, na unaumia. Uingereza 1990 wenye juisi ya limau ya Jif walishinda kwa chupa tu ya umbo la limau. Hiyo "KARAGA" itunze, ni ushahidi mtamu.

Kaka_Jinja: Wakili, ada yako italipwa kwa odii?

Mjukuu_wa_Masaka: Na lubugo je? Uliwaomba ruhusa ukoo wa Ngonge? Wameitengeneza tangu enzi za mababu, UNESCO yenyewe inajua. Mwizi kaibiwa 😂

Mama_Odii: Nyamaza wewe! Kanitazama machoni akasema FEKI!

Mla_Odii: Samahani mama, huyo wa Kikuubo anauza bei gani?

Fundi_Cherehani: Afadhali yako. Mimi nilibuni mabega ya gauni la gomesi kwa ajili ya harusi moja, wiki iliyofuata yamejaa soko la Owino.

Dada_Entebbe: Fundi, si wewe uliyenishonea mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake?

Fundi_Cherehani: Ulipimwa huku unaongea na simu. Na ile salio ya elfu ishirini?

Dada_Entebbe: Rudisha kwanza kitambaa kilichobaki.

Kaka_Jinja: Mafundi wote wezi wa vitambaa. Mngoje niwasimulie wangu.