Rozimeri inaoza kabla ya kutoa mizizi

Wadau, vipandikizi vyangu vinageuka vyeusi chini baada ya wiki mbili. Nimetumia udongo mwekundu na samadi, namwagilia kila siku. Nakosea wapi?

— Udongo huo unashika maji, hewa haipiti, shina linaoza. Samadi toa kabisa. Kipandikizi kisicho na mizizi hakili. Tumia mchanga wa mto uliooshwa. Kata ncha changa ya sentimita 10, chini kidogo ya kifundo (panapochipua majani), kwa wembe (makasi butu husaga shina). Pukuta majani ya nusu ya chini.

— Na baridi ya Julai hapa Nairobi inachelewesha: subiri wiki 6 hata 8. Dirishani, mwanga bila jua kali. Usiving'oe kuchungulia!

— Maji je?

— Mchanga ukikauka sentimita 2 juu.